Maji Yapite, Yasikae: Kukuza Maua Katika Vyungu na Madebe

Katika mitaa mingi ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru, watu hukaa katika vyumba vyenye mlango, kizingiti na kipande cha ua kinachotumiwa na majirani wote, lakini hawana hata shibiri moja ya ardhi ya kulima. Mashambani nako, mtu mwenye ekari zake mara nyingi huona uchungu kutoa mahali pa mahindi kwa ajili ya maua. Hata hivyo ni nadra mtu kupita mtaani asione, mlangoni pa nyumba fulani, debe lililopakwa rangi na ndani yake jerania nyekundu, au sufuria kuukuu iliyojaa majani ya rangi. Maua hayataki shamba. Yataka chombo, udongo, mwanga na mtu wa kuyaangalia.

Lakini mimea mingi ya namna hii hufa upesi. Mtu hununua mche mzuri kando ya barabara, huutia katika chombo, huumwagilia maji kila siku kwa moyo mmoja, na baada ya miezi miwili majani yamegeuka manjano na shina limelainika. Hapo husema kwamba yeye hana mkono wa kupanda. Kwa kawaida kosa si la mkono. Ni la maji, na mara nyingi si uchache wa maji bali ni wingi wake. Tena maji hayo hayo yanayouoza mmea, yakitoka chini ya chungu na kukaa katika kisahani, huwalea mbu wawezao kuwalaza kitandani watu wote wa nyumba. Kwa hiyo mtu atakaye kukuza maua katika vyombo hapana budi ajifunze jambo moja kabla ya mengine yote, nalo ni namna ya kuyafanya maji yapite wala yasikae.

DESTURI YA ZAMANI

Kupanda mimea katika vyombo si jambo geni Afrika. Katika hekalu la Malkia Hatshepsut huko Misri, lililojengwa karibu miaka 3,500 iliyopita, kuna picha zilizochongwa ukutani zinazoonyesha watu wakiichukua merikebuni miti ya ubani iliyotolewa nchi ya Punt, kila mti ukiwa na mizizi yake ndani ya kikapu. Wataalamu wengi hudhani kwamba nchi hiyo ya Punt ilikuwa pande za Bahari ya Shamu na Pembe ya Afrika.

Katika miji ya kale ya pwani, kama Lamu na Mombasa, ambako nyumba zimesongamana na vichochoro ni vyembamba, ua wa ndani ndio bustani. Huko wanawake tangu zamani hupanda rehani, yasmini na waridi, na maua hayo si pambo la macho tu. Rehani na yasmini huchumwa, zikafungwa pamoja na vipande vya mkadi kuwa kikuba, nacho huvaliwa arusini na kunukia mpaka asubuhi. Mwenye chungu kimoja cha rehani dirishani haendi sokoni kununua.

CHOMBO NA TUNDU LAKE

Chombo chochote kiwezacho kushika udongo chafaa, isipokuwa kile kilichowahi kutiwa dawa ya kuulia wadudu au magugu. Chombo cha namna hiyo kisiletwe nyumbani kabisa, hata kikioshwa mara kumi. Madebe, makarai, mitungi ya mafuta ya kupikia iliyokatwa, ndoo zilizovunjika mkono, magurudumu ya gari, vyote hivi hutumika. Sufuria iliyotoboka haiwezi tena kupika chakula, lakini kwa maua imekuwa bora kuliko sufuria mpya.

Hata hivyo vyombo havilingani. Chungu cha udongo uliochomwa hupumua: maji kidogo hupenya ukutani mwake na kukauka upande wa nje, na kukauka huko hupoza udongo wa ndani, kama vile mtungi unavyoyapoza maji ya kunywa. Ubaya wake ni kwamba chungu hicho hukauka upesi, na mahali penye jua kali kama Garissa au Lodwar chaweza kutaka maji kila siku. Chombo cha plastiki hakipumui, basi maji hukaa ndani yake muda mrefu zaidi. Debe la bati hushika joto sana. Likiwekwa kwenye jua la saa sita mchana, mizizi iliyogusa ukuta wake huungua. Dawa yake ni kulipaka debe chokaa nyeupe kwa nje, au kulitia ndani ya kikapu, au kuliweka mahali ambapo majani ya mmea wenyewe yatalitilia kivuli.

Sasa kuhusu tundu. Chombo kisicho na tundu chini ni kisima, wala si chungu cha maua. Mizizi huvuta hewa kama viumbe wengine, nayo hupata hewa hiyo katika nafasi ndogo ndogo zilizo baina ya chembe za udongo. Nafasi hizo zikijaa maji na maji yakakosa pa kutokea, hewa hutoweka, mizizi hufa, na vijidudu vya ukungu huanza kuiozesha. Debe la lita 20 latosha kutobolewa matundu matano au sita kwa msumari mkubwa. Yafaa kutoboa kutoka ndani kwenda nje, ili makali ya bati yaelekee chini. Yakielekea juu, kila tundu huzungukwa na ukingo mdogo, na maji hubaki yametuama nyuma yake. Baada ya kutoboa, chombo kisikalishwe juu ya sakafu wazi wazi, kwa maana sakafu itaziba matundu yote. Kiinuliwe juu ya vipande vitatu vya matofali, kama sufuria juu ya mafiga.

Wakaao katika nyumba za ghorofa wana jambo jingine la kuangalia. Debe la lita 20 lililojaa udongo wenye maji laweza kuwa na uzito wa kilo 30 au zaidi. Chombo kama hicho hakiwekwi juu ya ukingo wa roshani hata siku moja, kwa sababu watoto wa watu hucheza chini. Mahali pake ni sakafuni, karibu na ukuta.

KOKOTO HAZIONDOI MAJI

Kwa muda mrefu masomo ya bustani yaliwafundisha watu kutandaza kokoto chini ya chungu kabla ya kutia udongo, ili maji yapate kushuka kwa urahisi. Shauri hilo lasikika mpaka leo, na mtu akilitazama juu juu huliona kuwa la akili. Lakini wataalamu wa udongo wameonyesha kwamba halina manufaa yaliyodhaniwa, na sababu yake yafaa ieleweke.

Udongo hushika maji kama utambi wa taa unavyoshika mafuta. Vijia vyembamba vilivyo ndani yake huyavuta maji na kuyang’ang’ania, hata yasianguke kwa uzito wake. Maji yakishuka na kufika mahali ambapo udongo unakoma na kokoto zinaanza, hayarukii katika nafasi kubwa za kokoto. Husimama hapo juu yake mpaka udongo ushibe kabisa, ndipo yaanze kudondoka. Hivyo sehemu ya chini ya udongo hubaki imelowa daima, na kokoto hazikufanya lolote isipokuwa kuisogeza sehemu hiyo ya majimaji juu zaidi, karibu na mizizi. Mmea umepunguziwa udongo na maji hayakuondoka.

Mtu asiyesadiki aweza kujaribu kwa kipande cha sponji ya godoro, kilicho na umbo la tofali. Akiloweshe kabisa, kisha akishike kwa mikono miwili kikiwa kimelala. Maji yatadondoka mengi, halafu yataacha. Sasa akigeuze, akisimamishe wima. Maji yataanza kudondoka tena, ingawa hakuna aliyekikamua. Sponji ni ile ile; kilichobadilika ni urefu wake kwenda chini. Ndivyo ilivyo kwa vyungu: chombo kirefu huondoa maji vizuri kuliko chombo kifupi chenye udongo ule ule, na sinia pana la kina cha vidole vinne ni mahali pabaya kwa mmea uchukiao maji.

Basi chini ya chungu huwekwa kigae kimoja tu cha chungu kilichovunjika, au kipande cha wavu wa dirisha, juu ya tundu, ili udongo usitoke pamoja na maji. Kazi ya kuyapitisha maji ni ya udongo wenyewe. Udongo wa shambani peke yake, hata ukiwa na rutuba ya namna gani, hushindiliwa na kumwagiliwa kila mara mpaka ukawa kama tofali. Mchanganyiko utumikao sana ni makarai mawili ya udongo wa juu, karai moja la samadi iliyooza vizuri mpaka haina harufu, na karai moja la mchanga wa mto. Udongo mwekundu wa nchi za milimani hukubali mchanganyiko huo bila taabu. Udongo mweusi wa nyanda za Athi, ule unaonata buti wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, haufai kwa vyungu. Heri mtu aombe udongo mwingine kwa rafiki. Pwani watu wana mchanga wa kutosha, lakini mchanga wa ufuoni una chumvi, na chumvi huunguza mizizi. Kadhalika makumbi ya nazi yaliyolowekwa katika maji ya bahari hapana budi yaoshwe mara kadhaa kwa maji baridi kabla ya kutumiwa. Huko Mwea makapi ya mpunga hupatikana kwa wingi, nayo huufanya udongo uwe mwepesi sana. Unga wa mbao uliotoka seremalani siku hiyo hiyo usitumiwe: vijidudu vinavyouozesha huila nitrojeni iliyo katika udongo, na mmea hubaki na njaa.

KUMWAGILIA

Swali linaloulizwa sana ni kama mmea umwagiliwe kila siku au mara mbili kwa juma. Hakuna jibu la swali hilo, kwa kuwa mmea haujui kalenda. Siku za Julai, Limuru ikiwa na ukungu, chungu chaweza kukaa siku kumi bila kutaka tone. Siku za Februari, Voi, chungu kama hicho hukauka kwa siku moja. Kipimo ni kidole. Mtu atie kidole katika udongo mpaka kiungo cha pili. Akihisi unyevu, aache. Akihisi ukavu, amwagilie.

Na anapomwagilia, amwagilie kweli kweli. Maji yatiwe polepole mpaka yatoke chini katika matundu, kisha mmea uachwe mpaka udongo wa juu ukauke tena. Desturi ya kunyunyizia kikombe kimoja kila jioni ni mbaya, kwa maana hulowesha juu tu, mizizi haina sababu ya kushuka, na chumvi iliyo katika maji hujikusanya katika udongo mpaka ikaonekana kama ukoko mweupe. Wakati ufaao zaidi ni asubuhi na mapema. Ikiwa udongo umekauka sana hata ukajitenga na ukuta wa chungu, maji yatakimbilia pembeni na kutoka chini bila kuulowesha. Basi chungu kizima kitiwe katika beseni la maji kwa muda wa saa moja, kisha kitolewe kichuruzike.

Kuna hila moja ya mimea inayowapoteza hata wakulima hodari. Mmea uliozama katika maji hunyauka, sawasawa na mmea wenye kiu. Sababu ni kwamba mizizi iliyooza haiwezi tena kuvuta maji, basi majani hukauka ilhali udongo umejaa maji tele. Mwenyewe akiona majani yamelegea huongeza maji, na hapo ndipo huumaliza. Kabla ya kumwagilia mmea ulionyauka, kidole kitangulie.

Katika mitaa ambako maji huja kwa zamu, maji yaliyosafishia mboga na mchele hutosha vyungu vingi. Maji ya kuogea yenye sabuni kidogo hayadhuru sana yakitumiwa mara moja moja, lakini maji yenye dawa ya kung’arisha nguo yasitiwe kamwe.

KISAHANI NA MBU

Watu wengi huweka kisahani chini ya chungu ili kuilinda sakafu, na hilo si kosa. Kosa ni kuyaacha maji ndani yake.

Mbu aitwaye Aedes aegypti ni mweusi mwenye mistari myeupe miguuni. Hafanani kwa tabia na mbu wa malaria, ambao wengi wao huuma usiku na hupenda madimbwi na mashamba ya mpunga. Aedes huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya jua kutua, basi chandarua cha kitandani hakimzuii. Tena hapendi kwenda mbali na watu. Hutafuta maji machache yaliyotulia karibu na nyumba: pipa lisilofunikwa, gurudumu lililotupwa, kifuu cha nazi, kopo, na kisahani cha maua. Mbu huyo ndiye aenezaye homa ya dengi, ambayo wengine huiita kidingapopo, na pia chikungunya.

Maradhi haya si hadithi ya nchi za mbali. Neno chikungunya lenyewe limetoka katika lugha ya Kimakonde, nalo lahusu kujikunja kwa maumivu ya viungo. Ugonjwa huo ulitambuliwa kwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika katika mlipuko wa mwaka 1952 na 1953. Mwaka 2004 ulienea sana Lamu, kisha ukafika Mombasa. Inafaa kuangaliwa kwamba Lamu wakati ule ilikuwa katika ukame: watu walikuwa wakihifadhi maji majumbani kwa sababu mvua haikunyesha, na katika maji hayo mbu walizaana. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba kiangazi ni salama. Mwaka 2013 homa ya dengi iliwashika watu wengi mjini Mombasa, na mwishoni mwa mwaka 2017 chikungunya ikarudi huko tena.

Mbu jike hatagi mayai yake juu ya maji yenyewe. Huyabandika ukutani mwa chombo, juu kidogo ya mahali maji yalipofikia. Mayai hayo ni madogo, meusi, na huweza kukaa makavu kwa miezi mingi yakiwa hai. Siku maji yatakapopanda na kuyafikia, viluwiluwi hutoka, na mahali penye joto huwa mbu kamili kwa muda wa juma moja au siku kumi. Hii ndiyo sababu kumwaga maji ya kisahani peke yake hakutoshi. Yule anayemwaga na kukirudisha kisahani mahali pake amewaua viluwiluwi wa leo, akawaacha wa kesho wamebandikwa ukingoni. Kila juma kisahani hapana budi kisuguliwe kwa burashi au makumbi, pembe zote, kisha kisuuziwe mbali na mfereji wa maji.

Njia nyepesi zaidi ni kukijaza kisahani mchanga mpaka ukingoni. Maji yatokayo chunguni huingia katika mchanga, huilinda sakafu kama yalivyokusudiwa, na viluwiluwi hawapati mahali pa kuogelea. Mwenye chombo chenye maji na tawi la kuotesha mizizi abadilishe maji hayo kila juma na kukisugua chombo vile vile. Wengine hutia mafuta ya taa kisahanini. Hayo huwaua viluwiluwi, lakini mizizi ikiyanywa nayo hufa.

Ni kweli kwamba visahani vya maua ni sehemu ndogo tu ya shauri hili. Mwenye kuvisafisha visahani vyake na kuacha pipa la lita 200 wazi nyuma ya nyumba amejisumbua bure. Na sasa haja ya kufunika maji imeongezeka, kwa maana mwaka 2022 huko Marsabit alipatikana mbu wa malaria mgeni, Anopheles stephensi, aliyetoka Asia, ambaye huzaana vizuri mijini katika matangi na vyombo vya maji.

Mtu akishikwa na homa ya ghafula, maumivu ya viungo na maumivu nyuma ya macho, aende zahanati akapimwe, asidhani tu kuwa ni malaria. Kwa kuwa dengi yaweza kusababisha kutokwa damu, mgonjwa asinywe aspirini wala ibuprofeni kabla ya kupimwa; parasetamoli kwa kiasi kilichoagizwa ndiyo hutumika kwa homa na maumivu.

MIMEA IFAAYO

Penye jua la kutwa, bogenvilia haina mshindani. Asili yake ni Amerika ya Kusini, lakini imezoea Kenya kama mzaliwa. Hutoa maua mengi zaidi mizizi yake ikibanwa chunguni na ikinyimwa maji kidogo. Anayeilisha na kuinywesha sana hupata majani matupu. Waridi la jangwani, ambalo huota lenyewe katika nchi kame za Kenya, lina shina nene lenye kuhifadhi maji, na lataka udongo wenye mchanga mwingi. Jerania na mishubiri huvumilia ukame. Mishubiri ya porini, hata hivyo, isichimbwe, kwa sababu biashara ya mimea hiyo imewekewa sheria na aina nyingine zimepungua mno. Heri mtu apate mche kitaluni au kwa jirani.

Penye kivuli, barazani au chini ya ngazi, yafaa majani ya rangi, mimea ya jamii ya jimbi, na impatiensi. Ua hili la mwisho ni la Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1880 aina yake moja ilipewa na wataalamu wa Uingereza jina la kumheshimu Sultani wa Unguja, ambako mmea ulitoka. Si hilo peke yake. Mwaka 1892 ofisa Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona katika milima ya Usambara kijimea chenye majani ya manyoya na maua ya zambarau, akakipeleka kwao. Leo vizazi vya kijimea hicho hukaa madirishani katika nchi nyingi za dunia, ilhali ndugu zao wa porini, katika misitu ya Tanzania na Kenya, wamebaki wachache kwa sababu ya kukatwa miti. Vivyo hivyo zamiokulkasi, wenye majani mazito yang’aayo, uuzwao kwa bei kubwa Ulaya, ni mmea wa misitu ya pwani ya Afrika Mashariki. Huhifadhi maji katika vitunguu vyake vya chini, na haufi kwa kusahauliwa.

Mimea mingi haihitaji kununuliwa. Kipande cha tawi la bogenvilia chenye unene wa penseli, au ncha ya jerania yenye urefu wa kidole, huota kikichomekwa katika mchanga wenye unyevu mahali pa kivuli. Siku za mwanzo wa mvua ndizo nzuri kwa kazi hiyo.

MIMEA YENYE SUMU

Mbele ya nyumba yenye watoto wadogo, mapambo mengine hayafai. Oliana, yenye maua mazuri ya waridi au meupe, ina sumu katika jani, shina, ua na mzizi, nayo hudhuru moyo. Mnyaa na ndugu zake wenye utomvu mweupe, pamoja na lile ua la miiba litokalo Bukini, huunguza ngozi, na tone moja likiingia jichoni huumiza vibaya sana. Utomvu wa waridi la jangwani umetumiwa na wawindaji kuwa sumu ya mishale. Kuna pia mmea wa majani mapana yenye mabaka meupe, uitwao difenbakia, ambao mtoto akiutafuna ulimi wake huvimba. Mwenye kuipenda mimea hii aiweke juu, mkono wa mtoto usipofika, na anapoikata avae glovu. Utomvu ukiingia jichoni, jicho lioshwe papo hapo kwa maji safi mengi, kisha mgonjwa apelekwe hospitali. Mtoto aliyekula asilazimishwe kutapika. Apelekwe pamoja na kipande cha mmea wenyewe, ili mganga aujue.

KUHAMISHA MMEA

Kila maji yanapopita, huchukua chakula kidogo cha udongo. Samadi iliyolowekwa ndani ya ndoo yenye mfuniko, kisha maji yake yakazimuliwa mpaka rangi ya chai ya rangi, hutosha kulisha vyungu mara moja kila majuma mawili wakati mmea unapokua. Mbolea ya dukani ni kali. Nusu ya kijiko cha chai kwa debe, tena juu ya udongo uliokwisha kulowa, si haba.

Baada ya mwaka mmoja au miwili mizizi huzunguka chungu kama kamba iliyoviringwa, maji huanza kupita upesi mno, na mmea huacha kukua. Wakati huo mmea hutolewa pamoja na udongo wake, mizizi ya pembeni hukwaruzwa kwa vidole ili inyooke, na mmea hutiwa katika chombo kipana kuliko cha kwanza kwa sentimita tano hivi. Kikizidi sana ukubwa, udongo usiofikiwa na mizizi utabaki umelowa, na taabu ya kwanza itarudi. Mmea huwekwa kivulini kwa juma moja. Chungu kilichobaki huoshwa kwa maji ya moto kabla ya kupewa mche mwingine, na udongo wa zamani uliomwagika hupelekwa chini ya mgomba, ambako bado una kazi.